Honi ya Fundi Saa

Jirani yangu fundi saa akikusalimu, sharti umsogezee sikio. Lakini akijifungia na treni yake ndogo, ile aliyoitandikia reli juu ya meza, yenye milima ya magazeti na gundi na miti ya njiti alizochomoa kwenye ufagio wangu, hata ukuta unajua yupo. Treni ikikaribia handaki, vidole vile vinavyookota skrubu ndogo kama chembe ya mchanga vinatulia, mashavu yanavimba kama ya chura, na honi inapigwa kwa mdomo: puuu! Mimi huku kwangu nacheka peke yangu.

Siku ya maonyesho ya treni ndogo kama yake nilikwenda, na kiti nilibeba mwenyewe. Meza za wenzake zilijaa watu. Kwake treni ilizunguka kimya, watoto wakapita bila hata kugeuza shingo, naye anapangusa behewa lilelile, anapangusa tena. “Fundi, honi iko wapi?” “Bibi, watu watanicheka.” “Wacheke, meno ni yao!” Akainama. Kusoma kunanipiga chenga, ila uso wa mtu mzima aliyevunjika moyo naujua. Treni ilipofika handakini ikiwa bubu, nikajaza kifua nikapiga mimi: puuu! Ukumbi mzima ukageuka, watoto wakaja mbio. Nilikuwa bado natweta pale kichwa cha treni kilipochungulia upande wa pili. Honi ikalia tena, ndefu, ya kutikisa miti ya ufagio wangu, na safari hii haikuwa yangu.