Mama wa Chumvi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wametawanyika: wapo walioko machimboni, wapo walioko Mwanza, na mmoja anaendesha lori la kwenda Rusumo. Mimi safari yangu kubwa ya utu uzima ilikuwa kwenda Lusahunga kununua godoro la inchi sita. Nilirudi nalo juu ya basi, na tangu barabarani hadi kwetu Mugoma nikalibeba kichwani. Mama alinipokea kwa vigelegele, akawatangazia majirani kwamba hatimaye mwanawe ameoa.

Tuliishi wawili tu. Baba alikuwa amefariki na dada zangu wawili wameolewa. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi aliyoyafyatua baba mwenyewe, juu bati. Sekondari ilinipa divisheni foo, ile ya mwisho kabla ya kufeli, na mada moja iliyokataa kutoka kichwani, ile ya jografia inayoeleza kwa nini ardhi hutikisika. Niliipenda kwa sababu ilinitetea. Kumbe hata mtu akikaa kwake asitoke, ardhi inamsafirisha vilevile, polepole kama kucha inavyoota.

Shida ni kwamba tulifundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu alisema ngozi ya dunia imekatika vipande vipande, kila kipande ni pleti. Mimi pleti niliyoijua ni moja. Nikarudi nyumbani nikamweleza mama kwamba dunia imekaa juu ya sahani, sahani zinasuguana, na huku kwetu Afrika inapasuka taratibu, ndiyo maana upande wa magharibi kuna maziwa marefu na milima inayotema moto. Kwamba kwa Kiswahili huitwa mabamba nilikuja kusikia redioni miaka mingi baadaye, wakati nimeshachelewa.

"Sahani za nani?" mama aliuliza.

"Za dunia, mama."

"Na anayeziosha nani? Maana humu ndani naosha mimi, wewe unajua kula tu."

Tangu siku hiyo, ardhi ikitikisika kidogo, na kwetu hutikisika, alikuwa ananiita kutoka kwenye migomba: "Mwalimu! Sahani zako zimegongana huko!"

Lile tetemeko kubwa lilitukuta mchana, tunapepeta maharage uani. Kwanza ulikuja mngurumo kama wa lori linalopanda kilima, kisha bati zikaanza kulia. Mama alikaa chini palepale, akashika nyasi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na mama yake. Mimi msomi nilikimbia kuzunguka ungo. Lilipotulia, nyumba ilikuwa imesimama, lakini ukuta wa chumba cha mama ulikuwa na ufa kutoka dirishani hadi kwenye paa. Niliingiza mkono, ukaenda hadi kwenye kiwiko.

Redio ilisema upande wa ziwani kumeharibika vibaya, nyumba zimelala na watu wamekufa. Kwetu kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Mzee mmoja Mrundi alisema tetemeko kwao huitwa nyamugigima, wanaijua, mtu asiiseme vibaya. Mwenyekiti wa kitongoji alipita mlango kwa mlango akituambia tusilale ndani hadi wataalamu waje kukagua. Wataalamu walihitajika zaidi kule ziwani. Hatukuwaona.

Mama hakusubiri wataalamu. Siku hiyohiyo alifunga turubai kwenye mparachichi, akatandika nyasi na mkeka, akahamia. Nilihamia naye. Siku ya kwanza nililalamikia umande, ya pili mbuzi, ya tatu mgongo. Siku ya nne nilikuwa nalalamikia kila kitu, na kila nikipita dirishani nililiona godoro langu mle ndani limekaa peke yake.

Jioni hiyo nikamwambia, "Mama, turudi ndani. Sahani zikishagongana zinatulia. Nguvu imekwisha. Ni kama mtu akishapiga chafya."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Hicho kitabu kimeuona huu ufa?"

"Ufa ni wa juujuu, mama. Kesho nitaukandika udongo."

Nadhani alijua kabisa kwamba ninaloliwaza ni godoro. Halafu akakunja mkeka wake. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Kitabu hakikusema hivyo. Somo la kinachofuata baada ya tetemeko kubwa lilifundishwa siku ya mvua, na siku za mvua mimi nilikuwa sitoki nyumbani. Nimekuja kulisoma baadaye sana kwenye daftari la mtoto wa dada yangu: likipita kubwa hufuata madogo, kwa siku nyingi au wiki nyingi, na nyumba zilizokwisha kupasuka ndizo hayo madogo huziangusha. Mistari miwili tu, mwandiko wa mtoto.

Tulilala ndani siku mbili. Nililala vizuri. Siku iliyofuata, kama saa tatu asubuhi, mama alisema kiuno kinamsumbua, nikamwambia apumzike chumbani kwake, mimi nakwenda kukata mkungu. Tetemeko lililokuja lilikuwa dogo, hata kuku hawakuacha kudonoa. Nilisikia kishindo kimoja, kama gunia limetupwa chini. Ukuta ulikuwa umeangukia ndani.

Majirani walichimba kwa mikono wakiogopa kutumia majembe. Tulimtoa akiwa hai, tukampeleka hospitali kwa pikapu, kichwa chake mapajani kwangu. Aliishi siku tisa.

Wa kwanza kuja kumwona alikuwa jirani tunayepakana naye shamba, mama mtu mzima aliyefika na watu wengine wanne wa kitongoji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akageukia kitandani. "Mwenzangu, si ulikuwa unalala nje wewe? Ulifuata nini ndani?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Nilifuata chumvi."

"Chumvi?"

"Si nimeingia mara moja tu! Maharage yako motoni, chumvi hamna. Tamaa yangu ya mboga hiyo." Akacheka mpaka kifua kikamkamata.

Kila aliyekuja aliambiwa hivyo. Dada zangu waliambiwa hivyo. Tulipobaki wawili nilimuuliza, "Mama, kwa nini unasema hivyo?"

"Nyamaza. Dada zako wakijua watakutafuna, na wewe ulivyo laini hawatahitaji hata kukuchemsha."

Siku ya tisa nilitoka kumfuatia uji. Nilirudi nao wa moto.

Makaburini mhubiri aliuchukua ule uongo akautolea mahubiri, jinsi mtu anavyoweza kuacha uhai akikimbilia kitu cha jikoni. Nilikuwa nimeshika koleo, nikaanza kufukia. Baadaye likawa neno la watu. Ardhi ikitikisika, wanapigiana kelele: "Toka nje! Acha chumvi!" Watoto wakalifanyia mchezo. Sisemi halijasaidia, najua watu waliogeuka mlangoni kwa sababu yake. Lakini siku moja dereva wa pikipiki aliyenibeba kutoka Keza alinisimulia njia nzima habari za mama mmoja mlafi wa Mugoma aliyekufa ameshika pakiti ya chumvi. Nilimwambia anishushe hapohapo. Kulikuwa bado mbali, nikatembea.

Kiangazi kilichopita alikuja ofisa kutufundisha habari za maafa, mbele ya ofisi ya kijiji. Akauliza kama tuna mfano wetu wenyewe. Mwenyekiti akasema, "Tunao! Mama wa chumvi. Na mwanawe yule pale."

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga kusema yaleyale.

"Mama hakufuata chumvi," nikasema. "Alinifuata mimi." Nikaeleza yote: turubai, kitabu, chafya, godoro.

Yule mama jirani aliyekuja hospitali akasema kutoka alipokaa, "Mwanangu, chumvi ya mama yako ilikaa jikoni, na jiko lenu ni kile kibanda cha nyuma ya nyumba. Nimeiazima chumvi hiyo miaka yote. Nani anaweka chumvi chumbani?"

"Mlijua?"

"Tangu siku ile hospitali."

"Mbona hamkusema?"

"Mgonjwa amesema chumvi. Tukasema chumvi."

Ofisa alikuwa bado ameshika kalamu. "Sasa mimi niandike nini?"

Nikamwambia aandike kwamba nyumba ikishapasuka watu wasirudi ndani, hata aliyesoma akiwaambia warudi.

"Aliyesoma hadi wapi?"

"Kidato cha nne. Divisheni foo."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, mpaka yule jirani akaja akanifunika uso kwa kanga yake, maana kicheko kilikuwa kimegeuka.

Wiki hiyohiyo niliwapigia simu dada zangu, kabla hawajasikia kwa watu. Mdogo alilia tu. Mkubwa alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali moja, kama zile siku mbili juu ya godoro nililala vizuri.

Nikamwambia ndiyo.

Akakata simu.