Daktari alisema ata-aspirate, mimi nikasikia aspirin

Wakuu, hamjambo. Mimi ni mzee wa Othaya, nauza mbuzi na kondoo za kutoka Doldol. Shule niliacha darasa la tatu, na nyumba yangu ya mawe sikujengewa na mtu. Hii kitu naandika vile ilikuwa.

Bibi yangu, Mama Wanjiru, alikuwa na sikio ya kutoa usaha miaka mingi. Tunaweka mafuta vuguvugu, tunaendelea.

Halafu kichwa ikaanza kumuuma vibaya, na homa. Asubuhi moja akaniambia, "Baba Wanjiru, toa hiyo sufuria kwa meza."

Ilikuwa kofia yangu.

Hospitali huko Nyeri wakampiga CT scan, picha ya ndani ya kichwa. Daktari, kijana hata ndevu hana, akaniambia, "Mzee, usaha ya sikio imeingia kwa ubongo, imefanya jipu. Leo leo tuta-aspirate."

Nikamwangalia. "Kijana, nimetoa mtu Othaya aje apewe aspirin? Hiyo iko kwa kila kioski."

Nesi akageukia ukuta akacheka.

Daktari akaeleza. Wanatoboa shimo ndogo kwa mfupa, scan inawaonyesha njia, wanaingiza sindano wanavuta usaha. Kichwa haifunguliwi yote.

Hapo ndio nilishuku zaidi. Jipu ya mbuzi naijua. Unapasua wazi, unakamua mpaka damu safi. Ukidunga kidogo, inarudi. Nikamwambia hivyo.

"Mzee, kwa mbuzi unapasua ngozi. Hapa nikipasua wazi, naweza kupasua mahali maneno yake inakaa."

Nikakubali, lakini kumwamini, hapana.

Bibi alirudishwa wodi na plasta ndogo tu kwa kichwa. Ati imeenda vizuri. Hayo ni maneno ya daktari. Nikangoja aamke sawasawa, nikamwonyesha kofia. "Hii ni nini?"

Akaiangalia sana.

"Kofia. Na iko chafu."

Nikatoka nje kidogo.

Alidungwa antibiotic wiki nyingi, na scan tena, juu jipu inaweza kurudi. Kwa hiyo hata mimi sikuwa mjinga.

Wakuu, sikio ya kutoa usaha si ya mafuta. Peleka mtu hospitali mapema.

Mimi bado nashuku. Kila asubuhi namwonyesha kitu ataje: kijiko, shoka. Jana nikainua kofia. Akasema, "Sufuria."

Nikakimbilia viatu nimrudishe hospitali. Kumbe ananicheka.

Aliye na mgonjwa kama huyu aandike hapa. Na wa kunicheka juu ya aspirin pia aandike, bibi anataka kusomewa.