Alama Mbili Chini ya Kola

Tulimwita Bi Kola kwa sababu kazi yake kiwandani ilikuwa kupachika kola za mashati, miaka kumi na tisa mfululizo. Hata njiani alikutazama shingo kwanza, ndipo akakusalimu.

Rafiki yake, fundi wa vifungo, alitobolewa kidole na sindano. Cherehani haikuwa na kinga. Msimamizi alikuwa ameiondoa ili kazi iende mbio. Aliyeumia akafukuzwa kwa uzembe, na sisi tukaletewa karatasi ya kusaini kwamba tuliuona uzembe huo. Tulisaini, na mimi nikiwemo. Nilijifariji kwamba kwa mwoga huenda kicheko. Kicheko chenyewe sijakisikia hadi leo.

Bi Kola alikataa.

"Mimi niliona sindano haina kinga," alimwambia msimamizi kwa upole. "Uzembe sikuuona."

Cherehani yake ikageuzwa, akawa anashona akitazama ukuta. Kila asubuhi karatasi iliwekwa mezani kwake. Kila jioni aliirudisha bila saini, imekunjwa vizuri kama shati. Mchana alikula peke yake. Tulimkwepa kama mwenye upele, maana tuliogopa macho yake kuliko ya msimamizi. Nilimwonea huruma, lakini huruma ya bure, kwa kuwa sikumsogezea hata kiti.

Wiki ya saba, asubuhi, alinikuta bombani.

"Mwenzangu, nimechoka," alisema. "Nyumbani sina wa kuongea naye, na hapa ndiyo hivi. Leo nasaini, yaishe."

Niliendelea kunawa mikono ambayo ilikuwa safi.

Kwetu kila fundi huchora alama ya chaki kwenye kipande alichoshona, kikiharibika ajulikane. Mimi hushona kola anazopachika Bi Kola; alama yangu ni mstari. Ya fundi wa vifungo ilikuwa duara. Siku hiyo nilichora mstari wangu chini ya kola ya kwanza, na kando yake nikachora duara. Nikaiweka juu ya fungu, likapelekwa kwa Bi Kola.

Alikuwa ameshika kalamu. Aliigeuza kola, akaitazama kwa muda mrefu. Hakugeuka nyuma, mstari wangu aliujua. Akaweka kalamu chini, akaanza kushona.

Jioni karatasi ilirudi bila saini. Msimamizi naye alikuwa ameiona ile kola.

Kesho yake nilikuta cherehani yangu imegeuzwa kuelekea ukuta, kando ya yake.

"Karibu," alisema Bi Kola, akanisogezea kiti.