Videge vya Manjano vya Kiringye

Huku kwetu Uvira ndege anayetikisa mkia yuko wa namna mbili. Mweusi na mweupe ni mwenyeji: mwaka mzima anashinda juu ya mabati na mawe ya ziwani, anaimba kila asubuhi, na hakuna anayemsikiliza. Wa manjano ni mgeni. Anashuka bonde la Ruzizi mvua zinapokaribia, anaokota wadudu kati ya kwato za ng'ombe, na kufikia mwezi wa nne ameshaondoka. Haya nimeyaandika katika kaye, daftari zile za shule, miaka mingi. Ni kazi ambayo hakuna aliyenituma, na sasa imenichosha.

Mama ndiye aliyenianzisha. Alilima Kiringye, kijiji cha bondeni, na hakufungua chungu cha mbegu mpaka videge vya manjano vifike. Majirani walimngoja, yeye akipanda, nao wanapanda.

"Mvua inaongopaka," alisema. "Ndege haiongopake."

Macho yake yalipoingia ukungu, aliniomba yangu. Kila Jumamosi, baada ya wiki nzima ya kufundisha mjini, nilipanda pikipiki hadi kwake, na kabla sijanawa vumbi nilitumwa malishoni kutazama. Ulikuwa mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi.

Mwaka mmoja mvua ya kwanza iliwahi. Jumamosi ya nne ya kutumwa nilifika nimechoka hoi, na sikufika malishoni. Nyuma ya nyumba, penye maji ya kuoshea vyombo, wawili walikuwa wakitikisa mikia: weusi na weupe, wenyeji wetu wale wale. Niliwatazama kidogo, nikarudi.

"Weye, tundege tumekuya?" mama aliuliza, akimaanisha vile videge.

"Tumekuya, mama."

"Twa manjano?"

"Twa manjano."

Nilitaka kulala tu. Hiyo ndiyo sababu yote, na hata leo sijapata nyingine iliyo nzuri zaidi. Kesho yake alipanda mahindi na maharagwe mpaka chungu kikabaki kitupu, akipapasa mashimo kwa vidole. Nilikuwa pembeni yake na kikapu. Ningeweza kusema hata hapo, nikamwongezea mbegu mkononi.

Jua likarudi na halikuondoka. Miche ilitoka, ikajikunja, ikakauka. Jumamosi moja nilimkuta mama mlangoni na majirani wawili, wanawake waliopanda kwa neno lake, nikaketi kando yake. Wakati ule ule ng'ombe walikuwa wakipita shambani, na kati ya miguu yao videge vya manjano vilikuwa vikilia. Mama aligeuza uso upande wa ile sauti. Ilikuwa mara ya kwanza mlio huo kusikika mwaka ule, nami nikajua kwamba amejua.

"Mama," jirani mmoja alisema, "weye ulituambia tundege tumekuya."

Mama alinyoosha mkono, akanitafuta, akauweka juu ya goti langu.

"Ni macho yangu ndiyo ilinidanganya," akasema. "Munisamehe."

"Pole, mama. Ni uzee."

Wakaondoka polepole. Niliona aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo. Nilifungua kaye nikaandika tarehe ya wageni kufika, tarehe ya kweli. Mama aliisikia kalamu ikikwaruza karatasi, akaniuliza kama nimekula.