Waya Ulioachwa Ofisini

Asnath ni fundi wa kompyuta katika chuo kidogo hapa Korogwe, binti wa wakulima wa Magoma, na kwa ubishi sijaona mfano wake. Akimaliza kazi za watu anaandika mfumo wake mwenyewe wa kuendeshea kompyuta. Mimi humwambia atafute mchumba, naye hunisonya.

Kuujaribu kulimchosha, kuchomeka flashi na kuchomoa kutwa nzima. Ijumaa ile akapata njia ya mkato: laptop yake igawe mfumo kupitia waya wa mtandao, na kompyuta ya majaribio ikiwaka tu iuchukue, ifute diski yote, ijisimike, kisha iandike kwenye kioo: Shikamoo. Ilikubali mara ya kwanza. Akaja ofisini kwangu anacheka peke yake, tukaenda stendi kula wali maharage.

Sahani zikiwa nusu, watu waliotoka kuswali wakaanza kupita na kanzu zao. Asnath akaweka kijiko chini.

"Dada Edna, waya wangu nimeuchomeka kwenye kisanduku cha mtandao wa ofisi," alisema.

Sikuelewa. Akanieleza. Mzee Mustapha, mtunza kumbukumbu wetu, kila Ijumaa huzima swichi kuu kabla ya kwenda msikitini, tangu umeme ulipounguza mashine mbili. Akirudi huiwasha, na kompyuta zote huwaka. Zile ni za mtumba. Zikiwaka hutafuta kwanza mfumo kwenye waya, zikikosa ndipo zisome diski zake. Leo zisingekosa, maana laptop yake ilikuwa inatumia betri, swichi haikuizima. Na diski ya mzee ndiyo yenye alama za mitihani za wanafunzi wote. Nakala hakuna.

Akampigia. Simu ilikuwa imezimwa kwa ajili ya swala.

Tukapanda bodaboda moja wote wawili. Niliogopa, sifichi. Nilimwomba Mungu mzee akutane na mtu wa kupiga naye soga, hata dakika tano. Kucha za Asnath ziliniingia begani.

Baiskeli ya mzee ilikuwa imeegemea ukuta. Ndani, feni ilikuwa inazunguka.

"Shikamoo, mzee," Asnath alisema mlangoni.

"Marahaba, binti yangu. Hebu njoo uone," alijibu mzee, ameketi mbele ya kioo cheusi, anatabasamu. "Leo hata kompyuta imeniamkia."