Minji za Moraa kwenye Vijiti Vyangu

Nakumbuka asubuhi niliyoingia bustanini nikakuta minji za mke mwenzangu zimepanda juu ya vijiti vyangu. Mwanangu, wewe unayelalamika kwamba mke wa shemeji yako anapendwa hapa nyumbani kuliko wewe, kaa hapa karibu nami. Wivu mimi naujua, sikusimuliwa.

Ilikuwa miaka ya sitini, huku kwetu karibu na Birongo. Mimi, Kerubo, ndiye niliyeolewa kwanza. Mume wangu alifanya kazi katika duka la Mhindi mjini Kisii, akija nyumbani Jumamosi. Kisha akamleta Moraa, msichana wa shingo ndefu na kicheko, na mikono, acha niseme tu, isiyojua kazi. Mama mkwe alitugawia bustani nyuma ya jiko lake: upande wangu, kijia katikati, upande wa Moraa. Yeye mwenyewe alikuwa na kunde zake kule chini, na mbaazi kando ya ua.

Mimi nilipanda minji za kawaida, zile za kumenya. Nilikata vijiti vya mkaratusi, nikavichomeka kimoja kimoja ili zipate pa kuparamia. Jumamosi moja mume wangu akaja na mbegu ngeni alizopewa na mke wa tajiri wake, za minji zenye maganda bapa, matamu, ambazo huliwa pamoja na maganda yake. Alizitoa mfukoni zimefungwa kwenye leso nyeupe. Akampa nani? Moraa! Mimi nimesimama pale pale na sufuria mkononi, na hata punje moja sikuonyeshwa. Mpaka leo nikiona leso nyeupe naudhika.

Moraa alipanda, asikate kijiti hata kimoja. Minji zake zikalala chini kwa muda, kisha zikavuka kijia, zikashika vijiti vyangu kwa vile vikono vyao vyembamba, zikapanda. Zikachanua kabla ya zangu! Nikasema moyoni, mume amechukua, sasa na vijiti pia. Nilikuwa tayari nimefunga nguo zangu kwenye shuka nirudi kwa baba yangu, Nyamira. Lakini sikutaka kuondoka nikimwachia zile minji. Nikashika mche wake kwa mikono miwili, nikavuta.

Ukang'oka. Na wangu ukaja nao, mizizi na yote, maganda yake yamejaa. Nikavuta mwingine, ikawa vile vile. Zilikuwa zimesukana mno. Nikaketi kwenye udongo nikalia kwa sauti.

Mama mkwe alikuwa kwenye kunde zake akichuma majani. Alikuwa ameniona tangu mwanzo.

"Mokamwana," akaniita, yaani mke wa mwanangu, "umemaliza?"

"Anachukua kila kitu, Mama."

"Hata kukata kijiti hajui, huyo atachukua nini? Ukienda kwa baba yako leo, bustani hii inabaki na nani?"

Nikaanza kuokota maganda yaliyotapakaa.

"Mimi pia nilikuwa na mke mwenza. Nilimwonea wivu mpaka siku tuliyomzika, lakini shamba sikumwachia. Inuka. Hizo ulizong'oa tutapika. Kesho umfundishe kukata vijiti."

Tulizipika pamoja, zangu na zake, chungu kimoja. Ilikuwa Jumamosi; jioni mume wangu akaja, akala, akalamba vidole, akauliza, "Hizi ni za nani?"

Nikamtazama Moraa. Alikuwa amekwisha kuona ile miche niliyoing'oa kijiani, na nilijua sasa atanisema.

"Ni za Kerubo," akajibu. "Zangu zilikuwa zimelala chini, yeye ndiye aliyezishikilia."

Unaona, mwanangu? Hata neno zuri alilisema yeye kwanza. Nikamwonea wivu upya! Lakini usiku ule niliifungua ile shuka, nikarudisha nguo zangu mahali pake.

Siwezi kukuambia uache wivu, maana mimi mwenyewe sijauacha. Moraa ni mzee kama mimi, na minji zake bado hutangulia kuchanua. Ninachokuambia ni hiki: wivu ukikushika, usifunge nguo, wala usivute cha mwenzio, kwa maana mmekwisha kusukana, kwa watoto, kwa chakula, kwa misiba. Shika jembe lako. Kata vijiti vingi kuliko unavyohitaji. Na kitu ukikitaka, kiombe kwa kinywa chako. Mbegu za Moraa nilizitamani msimu mzima. Siku niliyomwomba, alinijazia kiganja.

Nenda sasa. Mungu akunyeshee mvua kwa wakati wake, akupe bustani isiyokauka, na uzeeni akuachie angalau mtu mmoja wa kumwonea wivu.