Pilau Iliyotangulia Operesheni

Naandika hili nikicheka, ingawa sina uhakika kama nina haki ya kucheka. Mimi nauza masufuria Kariakoo. Wiki iliyopita mama mkwe wangu alilazwa kwa mawe ya nyongo. Daktari alinieleza vizuri, simsingizii: jiwe moja limeteremka likaziba mrija, kwa hiyo leo watalitoa kwa mpira unaopitia mdomoni, na kesho ndipo watatoboa matundu madogo tumboni, watoe mfuko wa nyongo wenye mawe mengine. Nikaitikia kwa kichwa. Kilichobaki humo ni matundu madogo tu.

Mama mkwe alipotolewa kwenye chumba cha matibabu, mke wangu akanong'ona, "Mbona hana hata kidonda?"

"Ndiyo matundu ya siku hizi hayo," nikamjibu kitaalamu, nikawapigia ndugu zake wa Magomeni.

Jioni wakaja na pilau ndani ya sufuria langu kubwa kuliko yote, na vigelegele juu. Mama mkwe hawezi kukataa chakula mbele yangu, anaona haya, mkwe ni mkwe. Akapokea sahani, kijiko kikaanza kupanda.

"Mama, weka chini," muuguzi akasema kutoka mlangoni. "Hujaruhusiwa kula. Ukila, kesho hufanyiwi operesheni. Nani katangaza imekwisha?"

Ndugu wote wakanigeukia. Mama mkwe, ambaye tangu nioe hajawahi kunitazama usoni, akanitazama, akashika tumbo kwa kicheko.

"Mkwe wangu, pilau inanukia. Ila mfuko wa nyongo bado ninao."